Bodi tatu na mshipi mmoja

Bodi ya kwanza ilikatika nikiwa nimesimama juu yake. Nilikuwa kati ya Msasani na kisiwa cha Bongoyo, upepo wa kusi umechachamaa, boti imelala ubavu na tanga limelowa chapachapa. Ukipinduka na boti ndogo ya tanga, unazunguka mpaka upande wa tumbo lake, unapanda juu ya ubao unaotokeza chini, ndiyo bodi yenyewe, unashika ukingo na kujilaza nyuma kwa uzito wako wote mpaka mlingoti utoke majini. Nimefanya hivyo mara zisizo na idadi. Siku hiyo nilipojilaza nikasikia mlio mkavu, kama mtu kavunja muwa, na mara nipo majini nautazama ubao wangu ukielea taratibu kwenda zake Mbezi.

Nami nikaufuata, si kwa kupenda. Boti niliinua kwa kuning'inia kwenye kisiki kilichobaki, lakini boti ya aina hii ikikosa ubao wake inajua njia moja tu: kule upepo unakokwenda. Ukivuta tanga ili upande joshini, kule upepo unakotoka, inaserereka kama sabuni kwenye vigae. Nikatua Mbezi, nikaomba mlinzi wa nyumba ya watu aniangalizie boti, nikapanda daladala nimelowa, na kipande cha ubao kwapani. Kondakta alinitoza nauli ya mzigo. Sikubishana naye.

Boti yenyewe ni dingi. (Vijana wa mjini mnisamehe, simsemi mzee wangu.) Urefu mita 4, mtu mmoja, tanga moja, niliijenga mwenyewe kwa plaiwudi nyembamba iliyoshonwa kwa waya na kugandishwa kwa epoksi. Haina farumi wala uzito wowote chini. Uzito ni wewe mwenyewe uliyening'inia nje ya ukingo. Wepesi huo ndio unaotafutwa: upepo ukifika kiasi fulani, boti inaacha kulima maji, inapanda juu yake na kuteleza. Aliyewahi kuonja hali hiyo haponi. Mimi niliionja utotoni, nilipokuwa naosha boti za wenyewe kwenye klabu moja na kuzipeleka majini wenyewe wakiwa hawapo. Sasa ni fundi friji, lakini Jumamosi zangu mke wangu anazijua zinakokwenda.

Ubao ninaousema unaitwa dagabodi, nasi ufukweni tunasema bodi basi. Unachomekwa kutoka juu, unapita katikati ya boti ndani ya kisanduku chembamba na kutokea chini. Jina lake kwa Kizungu lina maana ya jambia, kwa hiyo kile kisanduku mimi nakiita ala, na hata sasa watu wa ufukweni wamelizoea neno hilo. Tatizo ni kwamba jina lile lilinipoteza.

Nilipotengeneza bodi ya kwanza nilifikiri hivyohivyo, jambia. Nikachukua plaiwudi ya milimita 18, nikakata upana wa sentimita 25, urefu wa kutosha kutokeza sentimita 80 chini ya boti, kisha nikainoa kingo zote mbili, mbele na nyuma, kali kama kisu cha kuchinjia. Niliona fahari. Kitu chenye makali si ndicho kinachopasua maji?

Ilikuwa na kasoro niliyoiona kila siku bila kuielewa. Kila nikigeuza boti kutoka mkono mmoja wa upepo kwenda mwingine, yaani upepo uhame ubavu mmoja upige wa pili, kabla haijapata mwendo, ilikuwa inaserereka ubavu hatua kumi nzima ndipo ishike njia. Ilinibidi niilegeze, niiache ishuke kidogo na upepo ipate mwendo, ndipo nipande tena. Jamaa yangu mwenye Laser akigeuza anaondoka papo hapo. Laser ni ile boti aliyoichora Mkanada Bruce Kirby, ipo kwenye Olimpiki tangu Atlanta 1996, na sheria zake zinakataza kubadili umbo la bodi. Nikawa najifariji kwamba ya kwake ni ya kiwandani.

Kipande nilichorudi nacho kwa daladala nilikipeleka kwa mjomba. Si mjomba wa damu. Ni fundi wa ngalawa pale ufukweni, ametumia tezo tangu mimi sijazaliwa, na wote tunamwita hivyo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nimesikia umekwenda Mbezi."

Habari za ufukweni zina miguu mirefu. Alikigeuza kipande mkononi, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa mbele, akacheka bila sauti. Kisha akatazama palipokatika, na hapo hakucheka. Akanionyesha matabaka: moja nyuzi zake zinakwenda chini, la pili zinakwenda kando, la tatu chini, la nne kando. "Hizi za kando zilikuwa zinakusaidia nini?" akauliza.

Hakukuwa na jibu. Bodi inabeba mzigo wake kwa urefu, kama tawi lililokanyagwa nchani, na pale inapotoka kwenye ala ndipo mzigo wote unapokutana. Mimi nina kilo 78. Nikisimama ncha ya sentimita 80, ni sawa na kuweka kilo 62 na ushei kwenye wenzo wa mita nzima. Nusu ya mbao niliyokuwa naitegemea ilikuwa imelala upande usiohusika. Plaiwudi ni nzuri kwa ubavu wa boti, kwa sababu ubavu unasukumwa kila upande. Kwa bodi ni kununua kilo mbili na kupewa moja.

Kuhusu makali ya mbele mjomba alisema kitu kimoja tu. Kulikuwa na jodari juu ya jamvi, mtu kaleta. Akauchukua ubao wangu akauweka kando ya samaki. "Huyu anakimbia kuliko boti yako," akasema. "Mbele amenoa wapi?"

Usiku ule nikaingia mtandaoni, na nikakutana na kitu ambacho wenzangu wa boti wanakifahamu miaka mingi. Mwaka 1933 NACA, ile kamati ya Marekani ya mambo ya urubani iliyokuja kuzaa NASA, ilichapisha vipimo vya maumbo ya mabawa waliyoyapima kwenye bomba la upepo, yakapewa namba za tarakimu nne. Mbili za mwanzo zikiwa sifuri, umbo halina upinde, pande zote mbili sawa, na hilo ndilo linalotufaa sisi kwa kuwa boti inakwenda mikono yote miwili. Mbili za mwisho ni unene kwa asilimia ya upana. 0012 ni asilimia 12. Ala yangu ina nafasi ya milimita 25, kwa hiyo nikaangukia 0009: kwa upana wa sentimita 25, unene wa juu kabisa ni milimita 22.5.

Nikachora kwenye karatasi za mtoto. Sentimita 2.5 tu kutoka mbele, ubao unatakiwa uwe tayari na unene wa milimita 17.6. Penye sentimita 7.5 ndipo unapofika kileleni, 22.5. Katikati umeshuka mpaka 19.9, na sentimita 2.5 kabla ya mwisho wa nyuma umebaki 5.4. Tazama namba hizo, kisha mtazame jodari. Butu mbele, mnene mapema, halafu mteremko mrefu kwenda mkiani. Sababu ni kwamba bodi haikai imenyooka mbele ya maji. Inakwenda kwa pembe ndogo ya ubavu, digrii chache, na ni pembe hiyo inayoleta nguvu ya kuzuia boti isiserereke. Maji yakikutana na ukingo mkali kwa pembe hayawezi kuuzunguka. Yanaachana na ubao upande mmoja, na nguvu inapotea. Ukingo wa mviringo unayapa kona ya kupitia. Zile hatua kumi nilizokuwa naserereka kila nikigeuza ndizo hizo: boti haina mwendo, pembe ni kubwa, makali yangu yamekwisha kuachana na maji.

Bodi ya pili niliitengeneza wiki sita za jioni. Mkangazi, kwa sababu ni mwepesi na unashika gundi vizuri. Msaji una mafuta yake, usipoufuta kwa asetoni unakukatalia. Nikaupasua vipande vya sentimita 4, nikageuza kimoja juu kimoja chini ili ubao mmoja ukitaka kupinda mwenzake aukatalie, nikaviunganisha. Violezo nilikata kwenye bati la friji bovu, kwa sehemu nne za urefu wake. Randa kwanza, kisha msasa uliobandikwa kwenye ubao mrefu, kwa sababu msasa wa mkononi unafuata mabonde badala ya kuyafuta. Nilipuliza rangi nyeusi nyepesi juu ya mbao, nikasugua. Rangi inapobaki pana bonde, inapotoka haraka pana kilima. Ni kazi ya kuchosha na ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote.

Epoksi ya Dar es Salaam, mwezi wa pili, ni jambo lingine. Maelekezo ya kopo yaliandikwa na mtu anayeishi kwenye baridi. Yanasema una dakika 30. Nilichanganya kikopo kizima cha nusu lita, nikageuka kukata faiba, niliporudi kikopo kinafuka moshi na plastiki yake imeanza kulegea. Ile gundi inatoa joto ikiganda, na ikiwa nyingi mahali pamoja joto linaiharakisha, inatoa joto zaidi. Mimi wa kufundishwa habari za joto! Siku zilizofuata nilichanganya kidogokidogo, alfajiri, na kuimimina mara moja kwenye sinia pana. Faiba nilizilaza nyuzi zake kwa urefu, safu mbili kila upande, na safu ya tatu fupi pale bodi inapotokea kwenye ala.

Kabla ya kuipaka rangi niliiweka juu ya tofali mbili uani nikasimama katikati. Ikashuka kidogo ikarudi. Nikamwita shemeji yangu, ambaye ni mtu wa mwili, naye akapanda. Mke wangu alitoka jikoni, akatutazama, akarudi ndani.

Majini tofauti ilijionyesha kwenye mgeuko wa kwanza. Boti iligeuka, ikashika, ikaondoka. Sikuhitaji kifaa kuniambia.

Lakini nilikitaka kifaa kiniambie, na hapo nikajidanganya wiki tatu. Nilikuwa nimezoea kwenda na simu kwenye mfuko usiopitisha maji, inachora njia ya boti kwa setilaiti. Ukipiga bisho, yaani kupanda dhidi ya upepo kwa kwenda mkono huu kisha huu, michoro inafanya pembe. Ikiwa nyembamba, maana yake unapanda vizuri joshini. Michoro ya zamani ya bodi ya plaiwudi ilionyesha digrii 110. Siku ya kwanza ya bodi mpya nikapata 92. Digrii 18! Nilimpigia jamaa wa Laser usiku, nikamtumia picha, nikaandika na maelezo. Jumamosi iliyofuata, bodi ileile, tanga lilelile, upepo uleule, nikapata 109.

Nilikaa na namba hizo siku nzima, nikamshuku kila mtu, mpaka mshonaji wa tanga. Mjomba ndiye aliyeuliza: "Maji yalikuwa yanajaa au yanakupwa?"

Simu inapima mwendo wako juu ya ardhi. Bahari inatembea. Boti inayopanda bisho kwa kilomita 7 kwa saa, ikabebwa na mkondo wa mita 20 tu kwa sekunde mia, yaani mwendo wa mtoto anayetambaa, mkondo ukiwa upande wako pembe inajibana karibu digrii tisa; ukikupinga inajipanua kadiri hiyohiyo. Siku ya 92 nilibebwa. Siku ya 109 nilirudishwa. Bodi haikuhusika hata kidogo, na michoro yangu ya zamani ya plaiwudi, kwa kuwa sikuandika hali ya maji, haifai hata kufungia maandazi.

Kilichoniokoa kinauzwa kwa wavuvi. Nilichukua kipimapembe kikubwa, nakala ya kile cha kwenye mkebe wa mwanangu nilichokichora juu ya kipande cha plastiki, nikakipigilia nyuma ya boti, sifuri ikitazama moja kwa moja nyuma. Katikati yake nikafunga mshipi wa mita 10 wenye kifundo kidogo cha risasi mwishoni. Boti ikienda, mshipi unalala nyuma yake, nao unaonyesha maji yanakotoka kweli. Boti ikienda bila kuserereka, mshipi unanyooka kwenye sifuri. Ikiserereka digrii tano, mshipi unakaa digrii tano upande wa joshini. Mkondo hauuhusu, kwa sababu boti na mshipi na maji vyote vinabebwa pamoja.

Hausomeki kirahisi. Mawimbi yanautikisa, na lazima usubiri boti itulie kwenye njia, usome mara kumi, uchukue ya katikati. Nilikuwa naitaja namba kwa sauti na simu inarekodi sauti yangu; angalau ikapata kazi inayoiweza. Bodi ya pili kwenye upepo wa kati ilikuwa inatoa tano, mara nne na nusu, mara tano na nusu. Nikaikata ncha yake kuwa ya mviringo zaidi: tano. Nikaifanya ya mshazari: tano. Nimesoma watu wakigombana kurasa na kurasa juu ya umbo la ncha. Mshipi wangu hauoni. Kilichoonekana kilikuwa kitu cha kipuuzi: bodi ilikuwa inachezacheza ndani ya ala kwa milimita mbili tatu. Nikabandika vipande vya zulia ndani, pande zote, na kipande cha tairi kwa nyuma endapo nitagonga fungu la mchanga, na tano ikawa nne na nusu bila kutikisika. Zulia lenyewe lilikuwa la mkeka wa gari.

Sasa kuteleza. Huko kwenye bisho bodi inafanya kazi yake kwa jasho kwa sababu mwendo ni mdogo. Nguvu ya maji juu ya ubao inakua kwa mraba wa mwendo: ukitoka kilomita 7 kwa saa ukafika 21, mwendo umekuwa mara tatu, nguvu kwa pembe ileile imekuwa mara tisa. Kwa hiyo upepo ukiwa wa ubavuni na boti imepanda juu ya maji, bodi nzima ni ziada. Inasugua maji bure na, baya zaidi, inaikwaza boti: upepo unasukuma tanga juu, bodi inashika maji huko chini kabisa, nawe upo katikati unapinduliwa. Nilichojifunza ni kuipandisha theluthi moja pale tu boti inapoanza kuteleza. Unaisikia papo hapo, kama mtu kaachia breki ya mkono. Nikafunga mpira wa kuvutia mbele ya ala ili bodi ikae popote nilipoiacha.

Isiwe nyingi mno. Siku moja niliipandisha nusu na zaidi, nikalewa mwendo, nikataka kugeuza upepo ukiwa nyuma. Kamba inayovuta chini ule mti wa tanga ilikuja kwa kasi, ikakuta kichwa cha bodi kimesimama njiani, ikakikumbatia. Tanga likagoma katikati, boti ikaendelea kugeuka. Mengine mnayajua. Safari hii lakini nilisimama juu ya bodi bila kuvuta pumzi, nikajilaza, mlingoti ukainuka. Mkangazi haukusema neno.

Uliposema neno ilikuwa kwa namna nyingine. Kila boti ikipita mwendo fulani wa kuteleza, bodi ilianza kuvuma. Mwanzoni ni mtetemo kwenye nyayo, kisha sauti, kisha sauti kubwa. Mvuvi aliyekuwa ametia nanga aliinua kichwa kunitazama. Mimi sauti hiyo naijua: ni friji ambayo kompresa yake imelegea miguu. Na kompresa inayovuma inakula umeme. Nilijua kuna kitu kinaliwa hapa pia.

Kosa lilikuwa ukingo wa nyuma. Niliuacha mviringo, kwa sababu faiba haikubali kukunjwa kwenye makali, inajiinua. Maji yakiondoka kwenye ukingo wa mviringo hayajui pa kuachia: yanajisokota mara kulia, mara kushoto, kwa zamu, na kila zamu inausukuma ubao kidogo. Zamu hizo zikilingana na mtikisiko wa asili wa bodi, inaimba. Dawa yake ni tupa. Nilichonga mfereji mwembamba ukingoni, nikaujaza nyuzi za faiba na epoksi ili kuwe na kitu kigumu, kisha nikaupiga tupa ukabaki milimita 2, wenye kona kali, na mshazari upande mmoja tu, ili maji ya upande huu na ule yasiachie pamoja. Dakika 40 za kazi. Kilima kilichofuata cha upepo, boti ikapanda, ikapita pale ilipokuwa inaanza kuimba, kimya. Nilisikia maji tu yakikwaruza chini ya omo, ile pua ya boti. Jamaa wa Laser, ambaye kwenye mwendo ule alikuwa akiniacha kidogokidogo, hakuniacha. Tulikwenda hivyo mpaka karibu na mwamba wa Bongoyo, tukageuka, tukabadilishana boti, tukarudia. Kubadilishana ni muhimu: yeye ni mwepesi kuliko mimi kwa kilo 9, na nusu ya "ubora" wa vyombo vyetu vyote ni tumbo la mwenye chombo.

Kwa hiyo jambia langu limegeuka: mbele butu, nyuma ndiko kwenye kona kali.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye akili. Lakini vitabu vinasema ubao mrefu na mwembamba unafanya kazi vizuri kuliko mfupi mpana wenye eneo lilelile, kama bawa la mwewe na bawa la kuku. Nikatengeneza ya tatu: sentimita 100 chini ya boti badala ya 80, upana 20 badala ya 25. Nikaupa unene wa milimita 22.5 uleule ili usivunjike. Ilikuwa nzuri kutazama, na kwa kuwa ilikuwa nzuri nikaipaka rangi nyeusi inayong'aa, watu wadhani ni kaboni.

Mshipi: nne na nusu. Nikabadilisha, ya pili, ya tatu, ya pili tena, jioni moja, maji mafu. Nne na nusu, nne na nusu. Hesabu nilizokuja kufanya baadaye zilionyesha nilitegemea nusu digrii hivi, na katika mawimbi mshipi wangu unaisoma nusu digrii kwa shida. Kilichoonekana bila kupimwa ni kwamba boti ililala zaidi, maana sasa maji yanashika mbali zaidi chini, na kwamba maji yakikupwa nilikuwa nashuka na kusukuma boti kwa miguu mahali ambapo zamani nilipita nikiimba.

Halafu nikaiacha juani. Saa saba mchana, ikiwa imelazwa juu ya mawe mawili, nyeusi, nikaenda kula wali. Epoksi tunayoigandisha kwa joto la kawaida inaanza kulegea ikipashwa sana, na kitu cheusi kwenye mchanga wa saa saba kinapata moto usiogusika. Niliporudi sikuona kitu. Mshipi ndio ulioona: mkono mmoja wa upepo digrii tatu, mkono mwingine saba. Nikailaza mezani nyumbani. Ncha yake imejinyonga, kidogo tu, kama mtu aliyelala vibaya shingo. Zile mbili za kwanza nilizipaka nyeupe kwa sababu tu rangi nyeupe ndiyo iliyokuwepo dukani.

Nilimpelekea mjomba, nikidhani ataipasua atumie vipande vyake. Ngalawa haina bodi. Inategemea wembamba wake na yale matengo, ambayo ni mbao zilizolazwa mshazari na zinauma maji kiasi, lakini kwenye bisho inaserereka, kila mvuvi anakubali. Aliishika mwanga ukipita juu yake, akafumba jicho moja, akauona mnyongo bila kipimapembe chochote.

"Mkono gani ndio unaopanda?" akauliza.

Nikamwambia: upepo ukipiga ubavu wa kushoto.

Akafikiri. Mwanawe anavua nje ya Bongoyo, na miezi yote ya kusi anarudi nyumbani kwa mkono huo mmoja, njia nzima, hageuzi mpaka anafika. Akatoboa tundu mbili pale juu, akapitisha kamba, akaifunga ubavuni mwa ngalawa, nje, upande wa demani, ule usiopigwa na upepo. Nilimtazama kijana akiondoka alfajiri nayo imeinuliwa, nyeusi, inang'aa, kama bawa lililokunjwa. Jioni nilikuwa ufukweni mapema kuliko ilivyonilazimu. Ngalawa ilikuja na bodi majini, kamba zimelegea, ubao umelala nyuma kama mkia, na kijana kabla hajashusha samaki alitaka kujua kama nina ule mpira wa kuvutia, kipande kimoja tu, cha kuishikilia mbele.